Msitu Usio na Jina

Hapo zamani, ukungu wa Usambara ulipokuwa ukishuka hadi mlangoni, alikuwako mjane aitwaye Mwantumu. Utotoni alichuma uyoga na mama yake msituni, wakikanyaga majani yaliyooza, laini kama godoro. Kisha msitu ukakatwa, mvua ikazoa udongo, kikabaki kilima chekundu. Kila akikitazama, moyo ulimwuma kama aliyefiwa jana.

Akapanda mikulo, ile miti mikubwa ya zamani. Ikafa. Akapanda tena. Ikafa. Udongo wenyewe ulikuwa na njaa. Basi akapanda mishai, miti inayovuta chakula hewani na kukiacha ardhini. Ikaota, lakini ikadumaa, majani ya manjano.

Jirani yake Singano akamwambia, "Dada, mshai hauli peke yake. Mizizi yake huota vinundu, na vinundu hutokana na udongo wa msitu wa kwao."

Udongo huo ulibaki mahali pamoja tu: msitu wa makaburi ya ukoo wa Singano, ambako kwa mwiko hata jani haliokotwi. Singano akaingia, akatoka na kapu la udongo, akagawia kila mche. Miche ikawa kijani. Ukoo ukamtenga; hakualikwa tena arusini wala msibani.

Miaka ikapita. Majani ya mishai yakadondoka, yakaoza, udongo ukawa mweusi. Mwantumu akapanda mikulo chini yake. Safari hii ikashika, ila haikurefuka kwa kukosa jua. Siku moja, Mwantumu akiwa kwa dada yake mgonjwa, mwanawe Mahanyu akakata nusu ya mishai, akaacha matawi yaozee palepale.

"Mahanyu! Miti niliyoilea kuliko wewe!" Mwantumu alilia. Miaka mitatu hakula naye sahani moja. Lakini mikulo ikapata jua, ikala mbolea ya matawi yale, ikapaa.

Wazee wakasema msitu uitwe kwa jina la aliyeurudisha.

"Nilipanda mimi," alisema Mwantumu, "wenzangu wakinicheka."

"Mama, mishai yako ilikuwa ikiusonga msitu wako," alisema Mahanyu. "Niliikata nikijua utanichukia."

Singano, mvi tupu, alisema taratibu, "Mama na mwana mtapatana. Mimi ndugu zangu wamekufa bila kunisamehe. Na bila kapu lile, mngegombania nini?"

Wazee wakabishana hadi kahawa ikapoa, wakaondoka bila kukata shauri. Nanyi mliokaa hapa, semeni: msitu ule ulistahili jina la nani?