Heda za Gari la Baba

Nairobi hatuna minazi. Nazi zetu tunazikuta sokoni zimekwisha kufuliwa, na huenda ndiyo sababu watu wa mjini husahau kwamba mchagua nazi hupata koroma. Koroma ni nazi ambayo haijakomaa. Kwa nje inapendeza, lakini ukiivunja hupati tui la maana. Mchaguzi huziruka nazi nzuri moja baada ya nyingine, hii ina alama, ile ni ndogo, mpaka mkono wake unaangukia ile isiyofaa kabisa. Lau hasara hiyo ingekuwa yake peke yake, tungemcheka tukaenda zetu. Tatizo ni kwamba mara nyingi anayelala njaa ni mtu mwingine, asiyechagua chochote. Nyawira alikuwa mtu huyo, na hasira aliyokuwa nayo asubuhi ya harusi yake haikuwa ya kufichwa nyuma ya shela.

Baba yake, Mzee Waweru wa Uthiru, alikuwa afisa wa mifugo aliyestaafu. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa asiyecheka ovyo, lakini akishika usukani wa Subaru yake ya buluu, uzee wote ulimtoka mwilini. Mkenya yeyote anaijua sauti ya gari la aina hiyo. Halivumi kwa mfululizo kama magari mengine; linanguruma kwa kukatakata, bu-bu-bu-bu, kama mtu anayecheka kifuani. Kila lilipokata kona kutoka barabara kuu, mama yake Nyawira alianza kupakua chakula. Geti lilipofunguliwa, sahani zilikuwa mezani.

Mzee alikuwa amemwahidi binti yake kwamba siku ya harusi angempeleka kanisani mwenyewe, Uthiru nzima isikie. Kifo hakikumpa nafasi. Gari aliwaachia watoto wake wawili, Nyawira na kaka yake Ndegwa, liwe lao wote. Nyawira hakugombania usukani. Alimwachia Ndegwa alitumie apendavyo, na jamaa za mchumba wake Were walipokwisha kuja nyumbani na siku ya harusi ikapangwa, alimwomba kitu kimoja tu.

"Asubuhi ile nataka niisikie ikiingia kwa geti," alimwambia. "Nikiisikia, nitajua ni kama Baba amekuja kunichukua. Sauti usiiguse, Ndegwa. Tafadhali."

"Hiyo umepata, dada yangu," Ndegwa alijibu, mkono kifuani.

Basi ikatokea kwamba heda zikapasuka. Heda ni yale mabomba yanayopokea moshi kwenye injini na kuupeleka kwenye ekzosi, na chuma kikizeeka hupasuka. Si ajabu, na dawa yake si ngumu. Ndegwa na Nyawira walikwenda Kirinyaga Road, kule kwenye maduka ya vipuri, na mfanyabiashara mmoja aitwaye Muli akawaletea heda zilizotolewa kwenye Subaru ndugu ya ile yao. Zilikuwa nzito, zimeshika kutu kidogo pembeni, lakini hazikuwa na mpasuko hata mmoja.

"Hii ni ile ile ya gari yenu, bosi," Muli alisema. "Unafunga, unaenda."

"Na italia kama ya kwanza?" Nyawira aliuliza.

"Madam, hata mbwa wa kwenu hatajua kuna kitu imebadilishwa."

Nyawira alifurahi. Ndegwa alizigeuza heda zile, akaparura kutu kwa ukucha, akakunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyoganda.

"Siwezi weka kitu imeoza kwa gari ya Baba," alisema, akatoka. Nyawira alibaki amesimama pale dukani, akimwomba Muli radhi kwa kosa ambalo hakulifanya.

Laiti ingekuwa ni mapenzi kwa baba, mtu angesamehe. Lakini Ndegwa alikuwa na marafiki, na marafiki hao walikuwa na magari, na kila Jumamosi walikutana Kenyatta Market kula nyama na kutoa hukumu. Pale ndipo heda zilipochaguliwa na kukataliwa. Bomba lilisifiwa nyama ikiwa bado motoni, likatiwa dosari kabla haijakatwa. Hizi ni nyembamba. Zile ni za watu wa teksi. Kuna fundi aliyejitolea kuchomelea ule mpasuko uishe, na wote wakamcheka, eti gari si sufuria. Ndegwa alirudi kutoka vikao hivyo akiwa na shaka mpya kila wiki, na shaka hizo akaziita utaalamu.

Wakati huo huo gari lilikuwa limesimama chini ya fleti yake Kileleshwa, likitoa harufu ya moshi kila likiwashwa. Nyawira alipiga simu. Alituma ujumbe. Alikwenda mwenyewe, akamkuta kaka yake amelala kochini akitazama picha za mabomba kwenye simu.

"Rudi kwa Muli," alimsihi. "Ile ya kwanza ilikuwa sawa."

"Sasa wewe unajua nini na mambo ya heda?"

"Sijui heda. Naijua sauti ya gari yetu."

"Yetu, yetu! Nani huipeleka kwa fundi? Wacha stresi, Nyawira. Siku ya harusi utalia machozi ya furaha."

Jibu hilo lilimkereketa Nyawira. Alikuwa ameomba sauti, si pambo. Alikuwa na haki katika gari hilo sawa na ndugu yake, nusu kwa nusu, ila nusu yake ilionekana kuwa ile isiyosema. Alishuka ngazi akiwa ameuma meno, akajiambia kwamba kaka ni kaka na kwamba ahadi ni deni. Yalikuwa maneno mazuri kwa mtu asiyemjua Ndegwa.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, Ndegwa alituma picha. Heda mpya zilikuwa zimefungwa katika gereji moja ya Spring Valley. Ziling'aa kama vijiko vya wageni. Kila bomba lilikuwa limepindwa kwa ustadi, yote yakiwa na urefu mmoja, hakuna lililomzidi mwenzake. Chini ya picha aliandika: "Hakuna mtu ako nazo Nairobi hii." Nyawira alimuuliza zinaliaje. Ndegwa akamjibu kwa alama ya dole gumba.

Asubuhi ya Jumamosi nyumba ya Uthiru ilijaa wanawake. Desturi ni kwamba watu wa bwana harusi wakija kumchukua bibi harusi hukuta geti limefungwa, na wanawake wa nyumbani huwaimbia kutoka ndani mpaka wajieleze na kukubali faini. Aliyeshika ufunguo alikuwa dada yake Mzee Waweru, shangazi waliyemwita Tata Debra, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

"Geti hii haifunguliwi mtu yeyote," alitangaza, "mpaka gari ya ndugu yangu iingie kwanza. Sikilizeni tu, mtaijua."

Ndani, Nyawira aliketi kando ya dirisha, mama yake akimfunga shela. Walikuwa wakisikiliza. Lilipita lori. Ikapita pikipiki. Mara gari likasimama nje ya geti, likipumua polepole, laini, gari kama gari lolote la mtu wa ofisini, likapiga honi.

"Wamekuja mapema!" Tata Debra alipaza sauti. "Wanatujaribu! Imbeni!"

Wanawake wakaimba. Honi ikalia tena, nao wakazidi kuimba, wakapiga bati la geti kwa viganja. Mtu alikuwa akipiga kelele nje, lakini maneno yake yalimezwa na vigelegele. Mama aliinamisha kichwa, akaendelea kusikiliza kuelekea barabarani. Kisha simu ya Nyawira ikaita. Alikuwa Ndegwa.

"Ambia Tata afungue!"

"Kwani uko wapi?" Nyawira aliuliza. "Tunakungoja. Watu wa Were wameshafika."

"Watu gani? Ni mimi niko kwa geti!"

"Haiwezekani," alisema Nyawira. "Ungekuwa kwa geti ningekusikia."

Alipokwisha kulisema neno hilo ndipo akalielewa. Mama naye alilielewa, kwani pini zilimponyoka mkononi, akaketi kitandani.

Nyawira aliinuka. Bibi harusi hatoki kabla ya kutolewa, lakini alitoka, shela limefungwa upande mmoja, gauni amelikusanya kwa mikono miwili. Wimbo ulikatika. Alimnyang'anya Tata Debra ufunguo, akafungua geti mwenyewe.

Subaru ya buluu ilikuwa pale, imeoshwa, imefungwa riboni nyeupe, injini ikiwaka. Nyawira alisogea, akaweka kiganja juu ya boneti. Chuma kilitetemeka kidogo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mfululizo, safi, isiyokatika popote. Kile kicheko cha kifuani hakikuwamo.

"Umefanya nini?" aliuliza.

Ndegwa alikuwa katika suti yake, jasho likimtiririka. "Walisema itanyoosha sauti. Nilidhani ni kitu poa."

"Nani alikuambia imepinda?"

Ndegwa akajaribu kueleza kwamba yale mabomba ya zamani hayakuwa na urefu sawa, kwamba moshi ulikuwa ukifika kwa kupokezana, na kumbe ndiko kule kunguruma kulikotoka. Alilijua hilo jana, alipokwenda kulichukua gari gereji. Heda za baba zilikuwa zimekwenda na mtu wa vyuma vikuukuu.

"Ulijua jana," Nyawira alisema, na sasa sauti yake ilipanda mpaka majirani wakatokea kwenye kuta. "Jana! Na leo unakuja unapiga honi! Nilikuomba kitu moja, Ndegwa. Sikuomba ing'ae. Sikuomba marafiki zako waipende. Ilikuwa mkononi mwako kwa Muli, ukaiparura na kucha ukaiacha!"

"Nitairudisha vile ilikuwa. Jumatatu asubuhi niko Kirinyaga Road, naapa."

"Jumatatu nitakuwa nimeshaolewa."

Msafara wa Were ulikuwa ukikata kona kutoka barabara kuu, magari ya kukodi na pikapu moja ya mjomba, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo ule wageni walilikuta geti wazi na bibi harusi amesimama barabarani. Nyawira alimshika mama yake mkono, akampandisha kwenye pikapu ya mjomba wa Were, naye akapanda kando yake. Tata Debra aliuliza kwa sauti ya chini Subaru ifanye nini sasa, maana ndiyo iliyopambwa.

"Ibebe keki," Nyawira alisema. "Keki haina masikio."

Ndivyo Ndegwa alivyoshuka kwenda kanisani nyuma ya msafara wote, keki ya ghorofa tatu imefungwa mkanda kando yake, heda zisizo na mfano Nairobi nzima zikifanya kazi chini yake bila dosari. Alipita kituoni, akapita sokoni, akapita duka ambalo baba yake alikuwa akinunua gazeti. Hakuna aliyegeuza kichwa. Alichagua, akachagua, na alipovunja alichokichagua hakukuta kitu ndani, kwani mchagua nazi hupata koroma.