Jini Aliyezipigia Chafya Noti za Bandia

Aliyekuwa akitawala mji wa Rasi Yakuti, mji wa minara myeupe na visima vya maji matamu, ni Sultani Ghalibu bin Munadhiri, kijana mwenye haya na adabu nyingi, na raia zake wakamfuata kwa adabu hata wakapitiliza. Nipeni masikio, na mwenye kubisha angoje nimalize. Fedha ya mji ule ilikuwa ni noti za hariri zenye muhuri wa Sultani, na dasturi yao ilikuwa kwamba ukipewa noti huwezi kuzihesabu mbele ya mtoaji wala kuzikagua. Wazipokea kwa mikono miwili, wasema, "Mwenyezi Mungu akuzidishie," na wazitia kibindoni. Kuhesabu ilikuwa ni sawa na kumwita mtu mwizi usoni pake. Haya, niambieni nyie, mji kama huo mwizi ataacha kuupenda?

Basi noti za bandia zikaenea mjini, na Mwinyi Sarahani, mtunza hazina, akamshauri Sultani apige mbiu kwamba atakayeshikwa nazo atafukuzwa asirudi tena. Na wa kwanza kushikwa akawa Tufaha, binti mpika haluwa, ambaye alipika haluwa ya karamu ya Idi ya kasri, na Mwinyi Sarahani akamlipa kwa mkono wake, na Tufaha akapokea kwa mikono miwili na kwenda zake kununua sukari. Alipotoka dukani, mwenye duka akaona wino wa muhuri unamwachia vidoleni, akapiga kelele. Tufaha akaambiwa ikipita Ijumaa asionekane tena mjini, na mama yake yu kitandani hajiwezi, na hakuna mwingine wa kumpa hata maji ya kunywa.

Tufaha akalia, kisha akaona machozi hayapiki haluwa, akaenda jaani nyuma ya kasri kuokota kuni, apike sufuria la mwisho aliuze apate cha kumwachia mama. Huko akaokota kisanduku cha mpingo, cha kubebeka kwapani, chenye mwanya huku na mwanya kule, na alipokiinulia shoka, sauti ikatoka ndani.

"Ole wako, binti! Unapasua nyumba ya watu?"

"Yallah! Nani wewe?"

"Mimi ni jini Farfashi, niliyefungwa humu na babu yake Sultani, nihesabu noti na nitenge za haki na za bandia. Mwinyi Sarahani amenitupa kwa sababu ya maradhi yangu."

"Maradhi gani hayo?"

"Noti ya bandia ikinipita puani, napiga chafya. Na zake, bibi wee, karibu zinipasue kifua!"

Tufaha akasahau kulia. "Basi twende barazani ukapige chafya mbele ya Sultani."

"Siendi. Jaani kuna amani," akasema Farfashi, kisha akanusa. "Kinachonukia kwenye kanga yako ni nini?"

"Haluwa ya iliki."

"Twende."

Ijumaa Tufaha akaingia barazani, kisanduku kwapani, akapiga magoti na kusema, "Maulana, nimekuja kuaga. Naomba mtunza hazina wako anipe nauli, niondoke nikikuombea dua." Sultani akamhurumia, akaamuru apewe, na Mwinyi Sarahani akatoa bunda huku akitabasamu. Tufaha akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Mwenyezi Mungu akuzidishie," na akalisukuma bunda lote mwanyani. Trrrrr! Noti zikaingia huku na kutokea kule, na kisanduku kikatikisika.

"Hachaa! Noti arobaini, na ya haki hata moja hamna! Hachaa!"

Baraza nzima ikaguna, na wallahi hawakuguna kwa sababu ya ubandia. "Amehesabu! Mbele ya mtoaji!"

"Maulana, nimevunjiwa heshima!" akafoka Mwinyi Sarahani.

"Sikuhesabu mimi, bwana," akasema Tufaha. "Kahesabu jini, na jini hakulelewa Rasi Yakuti."

Sultani akacheka asijizuie, na kicheko kikamwishia mdomoni, akatoa mfuko wake mwenyewe, ambao mtunza hazina alimjazia asubuhi kwa ajili ya sadaka, na akazisukuma noti mwanyani. Farfashi akapiga chafya mfululizo hata vilemba vikaanguka.

"Kwa hiyo masikini wangu," akasema Sultani, na machozi yakamlenga, "miaka yote wananiombea dua, nami nawapa uongo?"

Mwinyi Sarahani akaanza kurudi kinyumenyume, lakini askari walikuwa wameshakumbuka mishahara yao, wakamkamata bila kungoja amri. Nyumbani kwake zikakutwa hariri na muhuri wa kughushi, na noti zote za haki alizozificha, na kila aliyedhulumiwa akarudishiwa chake. Naye akatolewa mjini kwa mbiu yake mwenyewe.

Ndipo Sultani akamwambia Tufaha, "Binti, mji wangu ulikuwa ukifa kwa adabu, nawe umeuponya. Utanikubali niwe mumeo?"

"Kwa sharti moja, Maulana. Mahari yahesabiwe, na ahesabu mtoaji."

Wazee wakashika vichwa. Sultani akavua joho, akaenda kwa miguu hadi chumbani kwa mama yake Tufaha, akaketi mkekani na kuanza kusukuma noti kwa mkono wake, na Farfashi, tumbo limejaa haluwa, akawa anahesabu kwa kuimba. Mara, katikati ya wimbo, "Hachaa!"

Waziri akanong'ona, "Maulana, sema jini ana mafua."

"Hapana," akasema Sultani. "Ni ya bandia, na imetoka mkononi mwangu. Niwie radhi, mama." Akaitoa, akaweka nyingine.

Mama akajiinua kwa kiwiko, na tangu augue hakuwahi kujiinua. "Tufaha mwanangu, olewa. Huyu ni wa haki."

Vigelegele vikapasua paa, na harusi ikaliwa hata paka wa mjini wakashiba haluwa. Na Rasi Yakuti dasturi ikageuka, anayetoa ndiye anayehesabu, mbele ya anayepokea, na kisha hucheka pamoja. Yangu ni hayo, na chukueni hili mwende nalo: heshima ya kweli haiogopi kukaguliwa.