Hondo na Mlango wa Udongo

Paukwa!

Pakawa!

Wale wa kule nyuma wamelala nini? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale, kwenye mbuga yenye nyasi ndefu kumpita mtu, palikuwa na ndege jina lake Hondohondo. Mkewe alimwita Hondo, nasi tumwite hivyo hivyo. Mdomo mkubwa, kichwa kidogo. Sisemi hakuwa na akili, jamani. Akili alikuwa nayo, ila mabawa yalikuwa yanaitangulia. Akisikia kishindo, huyoo! Akisikia kelele, huyoo! Akishafika ndipo anajiuliza, hivi nimefuata nini huku?

Mkewe aliitwa Bi Zuwena. Hondo alimpenda Zuwena, alimpenda mno, na Zuwena alimpenda yeye pamoja na haraka zake zote.

Mnaijua desturi ya hondohondo? Mama akitaka kutaga, huingia ndani ya tundu la mti. Akishaingia, mlango unazibwa kwa udongo. Udongo wenyewe unakandwa kwa matope na, watoto msicheke, kwa kinyesi. Pichi, pichi, pichi. Unakauka, unakuwa mgumu kama ukuta wa nyumba. Unaachwa upenyo mwembamba tu, mdomo upite. Kule ndani mama hunyonyoka manyoya ya mbawa, hawezi kuruka hata kidogo, mpaka makinda wakue. Chakula chake huletwa na baba. Habari za dunia huletwa na baba. Baba asipokuja, basi tena.

Mwaka ule Hondo aliliona tundu zuri kwenye mti wa mninga. Akaona na ndege wengine wanalitupia jicho. Hee! "Letu hilo!" akapiga kelele. Alitazama tundu, hakutazama shina. Zuwena akaingia, mlango ukazibwa.

Kazi ikaanza. Kila asubuhi Hondo huyo mpaka kwenye mkuyu wa bondeni. Vuu, vuu, vuu, mabawa. Akichuma kuyu, anarudi. Akikamata panzi, anarudi. Anagonga kwa mdomo.

"Ko, ko, ko!"

"Nani?"

"Ni mimi, Hondo wako."

"Umeleta nini?"

"Nimeleta kuyu, mama."

"Ahsante, baba. Na kesho?"

"Kesho haijafika, Zuwena wangu."

"Haya," alisema Zuwena, akala kuyu lake. Mtu aliyefungiwa gizani hana kazi ila kuwaza, naye aliwaza sana.

Sasa kulikuwa na ndege mmoja mweusi, mkia wake umegawanyika kama mkasi. Jina lake Mlamba. Huyo hakupenda kutafuta, alipenda kupata. Alikaa juu ya tawi akamvizia Hondo mpaka amekamata panzi mnono, kisha akapaza sauti:

"Mwewe! Mwewe! Mwewe huyooo, anaelekea kwako!"

Hondo hakuuliza mwewe gani, yuko wapi. Alitupa panzi, akaruka mbio nyumbani, vuu, vuu, vuu, roho mkononi. Akafika. Mwewe hakuna. Kule nyuma Mlamba alishuka taratibu, akaokota panzi, akala.

Kesho yake vile vile. Kesho kutwa vile vile.

"Ko, ko, ko!"

"Nani?"

"Ni mimi, Hondo wako."

"Umeleta nini?"

"Sikuleta kitu. Nilisikia mwewe, nikakimbia kuja kuwalinda."

"Ulimwona?"

"Nilisikia habari zake."

Ndipo Hondo akasikia sauti nyembamba kule ndani. Pii. Pii.

"Wametoka, baba," alisema Zuwena. "Wawili. Hawana macho wala unyoya, wana midomo tu. Wanaifungua, nami sina cha kutia. Na kesho?"

Hondo machozi yalimlenga, akageuka, akaenda kutafuta panzi mwingine.

Jua likazidi. Nyasi zikakauka, zikawa za manjano, zikawa nyeupe. Jioni moja Zuwena akamwita mumewe.

"Baba, kuna jambo linanisumbua. Humu ukutani mna masizi. Nikijisugua mgongo nanusa moshi. Si wa leo, wa zamani. Hebu shuka ukatazame shina."

Hondo akashuka. Lo! Gome la shina lilikuwa jeusi pande zote, limeungua. Akaparua kwa ukucha, mkaa ukaanguka. Pembeni yake nyasi kavu zimesimama mpaka kwenye matawi ya chini. Hapo ndipo alipoelewa. Kila mwaka, kabla ya mvua, moto wa mbuga hupita hapa. Na mwaka huu utapita tena, na mkewe yuko ndani, na wanawe wamo ndani.

Akaruka juu kama aliyeumwa na nge. Ko! Ko! Ko! Ko! Akaanza kuuvunja ukuta.

"Nawatoa! Tokeni sasa hivi!"

"Hondo!" Zuwena alipaza sauti. "Niruke na nini? Mabawa sina. Watoto hawana hata nyoya moja. Ukitutoa leo, usiku huu huu tutakuwa chakula cha nguchiro. Acha mlango wangu!"

Hondo akaacha. Lakini je, alitulia? Thubutu! Kulipokucha tu alishuka chini, akaanza kung'oa nyasi kwa mdomo. Akang'oa unyasi mmoja. Akang'oa mwingine. Mwingine tena. Jua likatoka, jua likapanda, jua likazama, Hondo anang'oa. Mdomo ukamwuma, shingo ikakakamaa. Alipotazama kazi yake, alikuwa amesafisha mahali penye ukubwa wa ungo.

"Ko, ko, ko."

"Nani?"

"Ni mimi, Hondo wako."

"Umeleta nini?"

"Nimeleta... Nimeng'oa nyasi, mama."

Watoto hawakuwa wamekula tangu jana. Zuwena naye hakuwa amekula. Lakini alipousikia uchovu wa mumewe alimwonea huruma.

"Umefanya kazi, baba. Sasa sikiliza. Kesho, kabla hujaruka, keti. Usifanye kitu, keti tu, uwaze. Sisi tutakungoja."

Asubuhi Hondo alikwenda kwenye mkuyu, akaketi. Mnadhani kuketi ni rahisi? Mabawa yalimwasha. Huku jani linaanguka, anataka kwenda. Kule tawi linavunjika, anataka kwenda. Na Mlamba, naye hana likizo:

"Mwewe! Mwewe huyooo!"

Mabawa ya Hondo yakafunguka. "Ngoja," alijiambia. Akainua kichwa, akatazama juu. Mbingu nyeupe, hata kunguru hapana. Akafunga mabawa.

"Bwana Hondo," Mlamba alishangaa, "umekuwa kiziwi?"

"Nasikia vizuri sana, bwana. Nimetazama, simwoni."

Mlamba akaenda zake kutafuta mjinga mwingine. Hawakosekani.

Basi Hondo akaendelea kuketi, na katika kuketi akaona kitu alichokipita kila siku. Chini ya mkuyu alikuwepo Mzee Ngiri na jamaa zake. Wamepiga magoti ya mbele kama kawaida yao, pua chini, fuku, fuku, fuku. Makuyu yanaanguka, ngiri wanakula, na wakila wanachimbua. Chini ya mkuyu ule hapakuwa na hata unyasi mmoja. Palikuwa peupe kama uwanja uliofagiliwa kwa ajili ya harusi.

Hondo akatazama uwanja. Akatazama makuyu. Akawakumbuka Zuwena na mninga wake.

"Alaa!" akasema.

Tangu siku ile alichuma kuyu moja la dirishani, ule upenyo wa mlango, na la pili la chini. Moja la mama na watoto, moja pu! kwenye nyasi. Moja dirishani, moja pu! Halafu huku pu! na kule pu! na nyuma ya mti pu! Mzee Ngiri alinusa, akaja mkia juu, na ukoo mzima nyuma yake.

"Ni nani mwungwana huyu anayetuandalia karamu?"

"Ni mimi, Mzee Ngiri. Karibuni sana. Kuleni pande zote za mti, msiache hata moja."

"Lakini Bwana Hondo, sisi na adabu za mezani mbalimbali. Tukila tunachimbua."

"Chimbueni, mzee wangu! Chimbueni!"

Fuku, fuku, fuku. Siku zikapita. Ndege wengine walimcheka Hondo, eti anawalisha nguruwe. Yeye akazidi kuangusha makuyu. Uwanja ulikuwa unapanuka.

Ikafika siku. Upepo ulikuwa mkali. Mlamba akapiga kelele, "Moto! Moto huoo!" Ndege wakacheka, "Mwongo huyo!" Hondo hakucheka na hakukimbia. Aliinua kichwa, akatazama. Moshi. Siku ile Mlamba alikuwa amesema kweli.

Tatatatata! Nyasi zinalia. Swala wanapita, sungura wanapita. Hondo akaenda moja kwa moja dirishani.

"Zuwena, moto umefika. Ziba dirisha."

"Na wewe?"

"Mimi nina mabawa. Ziba, mama, moshi usiingie."

Mdomo wa Zuwena ukatoka kwenye upenyo, ukaugusa wa Hondo. Kisha ukarudi ndani. Pichi, pichi, pichi. Dirisha likazibika.

Hondo akapanda juu angani, akatazama. Moto ulikuja, umepanda kuliko mti. Ukafika kwenye uwanja wa ngiri. Ukatafuta cha kula, haukupata. Ukagawanyika, huku kushoto, huku kulia, ukapita kwa hasira. Moshi ukafunika kila kitu, mninga haukuonekana tena.

Moshi ulipopungua, Hondo alishuka. Mbuga nzima nyeusi. Mninga umesimama, majani ya chini yamenyauka kwa joto.

"Ko, ko, ko."

Kimya.

"Ko, ko, ko!"

Kimya. Alitaka kubomoa. Lo, alivyotaka kubomoa! "Ngoja," alijiambia, akalaza kichwa chake juu ya ule udongo wa moto. Akangoja.

Ndani kukasikika: ko. Kadogo sana. Halafu kengine: ko. Halafu mtu akakohoa, na udongo wa dirishani ukaanguka.

"Nani?"

"Ni mimi," alisema Hondo. "Ni mimi, Hondo wako."

"Umeleta nini?"

"Leo sikuleta kitu."

"Na kesho?"

"Kesho panzi, Zuwena. Wamejaa chini, wamekaangwa tayari, wamekosa chumvi tu. Mvua ikinyesha, nitawaletea kumbikumbi. Na mwakani tukitafuta tundu jingine, nitaanza kutazama shina."

Kule ndani Zuwena akatoa sauti. Hondo hakujua kama anacheka au analia, kwa sababu ukuta wa udongo ni mnene. Akakaa pale pale mlangoni mpaka jua likazama.

Basi, wakubwa kwa wadogo, hilo ndilo funzo. Moto ukishafika, nyasi hazifyekwi tena. Umpendaye usimkimbilie tu siku ya shida. Mfyekee nyasi shida ikiwa bado mbali. Na kabla ya kuruka, keti, utazame.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye karibu na jiko afunike makaa, ahakikishe, ndipo tukalale.