Aliyeupigia Msiba Vigelegele

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana haikuwa ya wafalme wala ya majitu, ilikuwa zamani ya juzi tu, watu wana simu mfukoni na bado wanagombania zamu kwenye bomba la maji, palikuwa na kijiji cha milimani kikiitwa Lupasyo. Mvua ya huko haiishi, hupumzika tu. Kaeni vizuri basi. Nina kesi hapa, na mimi peke yangu imenishinda.

Watu wa Lupasyo walikuwa na mwiko. Habari ya kifo haipelekwi mlangoni kwa mtu kabla marehemu hajazikwa. Ukigonga mlango wa mtu ukamwambia fulani amefariki, walisema, umekionyesha kifo njia ya nyumba ile, na ya kwako wewe mpelekaji. Kwa hiyo msiba ulitangazwa kwa wote kwa pamoja, kila mtu akausikia mwenyewe. Zamani mtu alipanda kilimani, akapuliza baragumu, akalitaja jina la marehemu. Mpulizaji alipokufa hakuna aliyetaka kazi yake, na nusu ya wanakijiji walishahamia mijini, ambako baragumu halifiki. Ndipo wakafungua tovuti. Misiba humo, harusi humo, ubatizo humo, mbuzi aliyepotea humo humo.

Mwisho wa kijiji, katika nyumba ya mwisho kabla ya njia ya makaburini na ya vijiji vya jirani, aliishi Bibi Tusekile. Mume alikufa, watoto hakujaliwa, na macho yake yalikuwa yameingia giza. Alikuwa na kompyuta aliyoachiwa na mpwa wake aliyekwenda ughaibuni, kompyuta inayosoma kwa sauti kile kilichoandikwa. Sauti yenyewe ilikuwa kavu, haicheki wala haikohoi, lakini ilikuwa sauti. Zilikuwapo siku ambazo hakuna sauti nyingine iliyoingia nyumba ile. Asubuhi aliiwasha akaiuliza, "Umeamkaje?" Haikumjibu, na kesho yake aliiuliza tena.

Alikuwa na rafiki mmoja duniani, Bi Lugano, aliyeishi kwa mwanawe ng'ambo ya bonde. Walipokuwa wasichana wa kuchuma chai walitunga wimbo wao wawili, wakaahidiana kwamba atakayebaki atamwimbia mwenzake pale kaburini kabla halijafukiwa, maana Lupasyo waliamini kwamba kaburi likishafukiwa marehemu hasikii tena. Walizeeka. Mmoja akapoteza macho, mwingine akapata kiharusi akaacha kusema, na simu zao zikakoma. Tangu hapo Bibi Tusekile alifungua tovuti kila siku kumsikilizia rafiki yake. Alikuwa anamwogopea, na hakuwa na wa kumwambia kwamba anaogopa.

Sasa niwaeleze kitu kidogo, na asiyependa mambo ya kompyuta avumilie, hakiumi. Tovuti ile iliangaliwa na Ambwene, fundi kijana mwenye aibu. Watu waliandika matangazo yao kwenye kihariri, yaani kile kisanduku kinachofunguka ndani ya kivinjari: unaandika, unabofya kitufe, neno linakolea, unabofya kingine, linakuwa kubwa. Wewe unaona maneno. Chini ya maneno, kihariri kinaandika alama zake: hiki ni kichwa cha habari, aya imeanzia hapa, aya imeishia hapa, hii ni picha na inaonyesha kitu fulani. Mwenye macho hazioni alama hizo wala hana haja nazo. Kompyuta ya Bibi Tusekile ilisoma kwa kuzifuata hizo tu.

Ambwene alianza na kihariri cha vitufe vichache. Rangi hakuna, mapambo hakuna, lakini alama zake safi, kila iliyofunguliwa imefungwa. Ukibandika maandishi yaliyotoka kwingine, kinayavua madoido yote. Ukiweka picha bila kueleza kwa maneno inaonyesha nini, kinakataa katakata. Watu wakakichukia. Mwandishi wa matangazo ya kijiji, mama mmoja aitwaye Anyosisye, ndiye aliyekichukia kuliko wote.

"Mwanangu," alimwambia Ambwene, "harusi ya binti yangu inaonekana kama tangazo la kukatiwa maji. Sisi si watu wa mazishi kila siku."

Wakaacha kuandika. Tovuti ikakaa kimya, watu wa mijini wakauliza kama kijiji kimehama. Ambwene akatafuta kihariri cha pili. Hicho kilikuwa na kila kitu: rangi, fremu, maua, herufi za kubembea. Kilikubali chochote, hakikumuudhi mtu. Lakini alama zake zilikuwa vurugu tupu. Zilifunguliwa hazikufungwa, kichwa cha habari kilikuwa herufi kubwa tu zisizosema kwamba ni kichwa, na picha isiyoelezwa ilibandikwa jina la faili lake, ikapita.

Ukaitishwa mkutano shuleni ili watu wachague. Ambwene alimwongoza Bibi Tusekile kwa mkono, akamkalisha mbele na kompyuta yake.

"Bibi, sikiliza vyote viwili. Wewe ndiye utakayetuambia."

Akasikiliza tangazo la kwanza. Likasomwa vizuri, mwanzo hadi mwisho. Akasikiliza la pili. Sauti ikasoma neno, ikaruka, ikarudia, ikataja namba za rangi, ikanyamaza katikati. Nyuma yake Bibi Tusekile akasikia mtu akimnong'oneza mwenzake, "Kijiji kizima tuvae gunia kwa ajili ya mtu mmoja?"

Bibi Tusekile akatabasamu. "Vyote viwili navisikia," akasema. "Wekeni hicho chenye maua."

Watu wakapiga makofi. Mmoja akamshika bega, mwingine akamwambia Bibi ana moyo, na yule Anyosisye akamletea chai yeye mwenyewe. Bibi aliinywa polepole mno, kwa kuwa ikiisha atarudishwa nyumbani. Ambwene alikuwa amesimama karibu naye na alisikia usomaji ule ule aliousikia Bibi. Hakusema kitu. Jioni akakiweka kihariri cha pili.

Kuanzia hapo Bibi Tusekile alijifunza kubahatisha. Akisikia "mahari" anajua ni harusi. Akisikia "mabaka meupe" anajua ni mbuzi. Mengine yalimpita, naye akajiambia kwamba hayamhusu.

Kisha Bi Lugano akafariki.

Anyosisye alilia sana. Bi Lugano ndiye aliyemlea alipofiwa na mama yake, na alitaka kumwandikia tangazo ambalo halijapata kuonekana. Akaliandika katika programu nyingine, akalizungushia fremu ya maua meusi, na ili lisije likavurugika akaligeuza lote kuwa picha: jina, saa ya mazishi, kila kitu ndani ya picha. Faili akaliita "maua". Kihariri kikalipokea bila swali na kumwambia asante, limehifadhiwa. Wenye macho walilia huko mijini walipoliona. Lilikuwa tangazo zuri, siwezi kulikanusha.

Asubuhi Bibi Tusekile akawasha kompyuta yake, akaiamkia, akafungua tovuti. Sauti ikasema, "Picha. Maua."

Basi. Hakikufuata kingine.

Maua, akawaza Bibi Tusekile. Ni harusi hiyo. Akafurahi, maana siku nyingi hazikuwa na neno la kufurahia. Akavaa khanga yake ya sherehe, akatoa kigoda, akakaa mlangoni.

Lupasyo jeneza hubebwa kwa ukimya mpaka kaburini, ndipo watu walie. Na wanaokwenda kumchukua bibi harusi nao huenda kimya, ili furaha isitangulie kabla yake. Mchana Bibi akasikia nyayo nyingi kwenye tope, polepole, hakuna anayesema. Akacheka peke yake. Wanamwendea bibi harusi hao, akawaza, hebu niwachokoze. Akasimama, akapiga vigelegele, vikali, virefu, kwa pumzi yake yote ya uzee.

Msafara ukatetemeka. Hakuna aliyesimama.

Katikati ya msafara alikuwamo Bupe, jirani yake wa karibu. Bupe akageuka, akamwona Bibi amevaa khanga ya harusi, anacheka, amenyoosha mikono. Akaelewa saa ile ile. Hajui. Kaburi lilikuwa bado liko mbele, wazi. Hatua chache tu zilimtenga na mlango ule. Lakini mwiko ni mwiko, na Bupe alikuwa na watoto wadogo nyumbani. Akainamisha kichwa, akaendelea kutembea.

Wakazika. Mwiko ukawa umekwisha. Mtoto wa Bi Lugano akatoka makaburini na udongo mikononi, akaja moja kwa moja.

"Bibi Tusekile, shikamoo. Mama yangu alikukosea nini hata ukampigia vigelegele?"

Hivyo ndivyo alivyopata habari. Alimuuliza kijana, "Kaburi limeshafukiwa?" Kijana akasema limefukiwa. Bibi akakaa chini kizingitini, na wimbo aliokaa nao tangu usichana ukawa hauna wa kuimbiwa. Ninawaambia waziwazi, hapa kila mara huwa nashindwa kuendelea haraka.

Lupasyo walikuwa na hukumu ya jambo hili. Aliyemkosesha mwenzake mazishi hufungwa kwake maisha yote. Kila asubuhi atafika mlangoni, atagonga, atampa habari za kijiji kwa kinywa chake, njema na mbaya. Kwake yeye mwiko wa mlango haupo. Lakini ni mtu mmoja tu, hawawi wawili. Na akishakuwa mchukuzi wa habari za vifo, wengine humkwepa: hawampi mkono, hawamwaliki harusini. Kwa hiyo baraza lilipokaa, hakuna aliyekuja kwa mzaha.

Ambwene akasimama wa kwanza. "Niliwaletea kizuri mkakikimbia. Tovuti yenye alama safi na haina neno hata moja ingemsaidia nani? Nikaleta cha pili, na sikukiweka kwa siri. Nilimuuliza mwenyewe mbele yenu, akasema anasikia."

"Na wewe ulimwamini?" akauliza mwenyekiti.

Ambwene akaangalia viatu vyake. "Hapana. Nilikuwa nimechoka kugombana nanyi."

Akasimama Anyosisye. "Mimi nilijua kuandika, sikujua kama chini ya maandishi kuna mengine. Kile cha kwanza kingenikatalia, nami ningekasirika, lakini ningeandika jina lake kwa maneno. Hiki kiliniambia asante. Nilimpenda Lugano kama mama, jamani. Nilitaka apendeze."

"Hukujua kwamba Tusekile haoni?"

"Nilijua." Akafuta uso kwa ncha ya khanga. "Sikumfikiria. Nilipokuwa naandika hakunijia kabisa akilini."

Akasimama Bupe. "Mimi sina kompyuta, wala mkutanoni sikuwapo. Hao wawili walikosea bila kumwona. Mimi nilimwona. Ningemshika mkono tukafika pamoja, akaimba. Niliwaogopea wanangu. Na nyinyi nyote mlivisikia vile vigelegele kama mimi, ila mimi ndiye niliyegeuka nikamtazama."

Baraza likavurugika. Wa upande huu wakasema ni Ambwene, maana alijua kosa lilipo. Wa upande ule wakasema ni Anyosisye, maana mkono wake ndio ulioliweka tangazo. Wengine wakasema Bupe, maana muda wa kumshika mkono alikuwa nao. Mmoja akasema ni yule aliyenong'ona mkutanoni, lakini hakuna aliyejitaja, na hadi leo hajatajwa.

Ndipo Bibi Tusekile akainua mkono.

"Mnajisumbua bure," akasema. "Niliulizwa, nikadanganya. Kile cha pili sikukisikia hata kidogo. Siku ile nilishikwa mkono, nikakalishwa mbele za watu, nikaulizwa neno na kijiji kizima. Mnajua ni lini mara ya mwisho niliulizwa neno? Niliogopa nikisema kweli mtanichoka. Nikasema mnachokipenda ili mje tena kuniuliza. Hamkuja. Andikeni kwamba kosa ni langu. Mtu wa kuletwa kwangu na adhabu simtaki."

Mwenyekiti akamwambia taratibu, "Bibi, tukisema kosa ni lako, hakuna atakayegonga mlango wako. Hukumu haitakuwa na mtu wa kumleta."

"Najua, mwanangu."

Baraza halikuamua. Mvua ilipiga bati mpaka watu wakawa hawasikilizani, wakaahirisha, wakaondoka mmoja mmoja kwa kukimbia. Ambwene alisimama nje. Anyosisye alisimama nje. Bupe alisimama nje. Kila mmoja aliwangojea wenzake watangulie kumshika Bibi mkono, na wakati wakingojeana Bibi alishaianza njia ya nyumbani, akiupapasa ukuta wa shule kwa kiganja.

Mimi hadithi yangu imefika hapo, siwezi kuisukuma zaidi. Sasa ni zamu yenu, ninyi mliokuwa mkitikisa vichwa. Kuna aliyejua akanyamaza. Kuna aliyependa akasahau. Kuna aliyeona akapita. Na kuna mwenyewe, aliyedanganya kwa sababu ya upweke, na mkimtia hatiani mmemwongezea huo huo upweke. Semeni, kosa mnalitua kwa nani? Na kesho kukipambazuka, nani akagonge mlango wa Bibi Tusekile?