Kanga na Nguchiro Aliyesema Sijui

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na bonde, na sauti zikapita bondeni. Mpo?

— Tupo!

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walilindana kwa kuitana. Pimbi mwambani, Tumbili mtini, Kanga nyasini na vifaranga wake tisa. Mmoja akiita, mwenzake hupokea, na habari humfikia hata Kobe. Ah, enzi hizo zilikuwa tamu, wajukuu zangu! Ulilala mchana kweupe, jirani akawa macho kwa ajili yako.

Mila ilikuwa moja. Aliyeona husema, "Nimeona." Aliyesikia husema, "Nimesikia kwa fulani."

Siku moja akahamia Nguchiro. "Dada Kanga, nami nataka kupokea na kuita."

"Wewe? Si ukoo wenu ndio unaokula mayai yetu?"

"Ndio sisi hao. Nipime basi."

Kanga akampima. Siku ya kwanza: "Mtoni kuna maji?" "Yapo, nimeona." Kanga akaenda, akayakuta. Siku ya pili: "Siafu wamehama?" "Wamehama, nimesikia kwa Pimbi." Kanga akamuuliza Pimbi, ikawa kweli. Siku ya tatu: "Mwewe ameondoka?"

"Sijui, dada."

Tumbili akacheka mpaka akashika mbavu. "Mlinzi gani huyo asiyejua?" Yeye alipenda sana sifa, basi kila habari aliiita "nimeona", hata aliyoiokota njiani.

Kiangazi kikaja, moshi ukatanda kote. Tumbili akapaza sauti, "Nimeona! Moto uko mlimani, kimbilieni mtoni!"

Mara Nguchiro huyoo, mbio, manyoya yanafuka. "Nimeona, dada! Moto uko mtoni, pandeni mlimani!"

Tumbili alikuwa rafiki wa utotoni, Nguchiro mgeni wa juzi tu. Akawatazama wanawe.

"Kaka Tumbili, umeona kwa macho yako?"

Tumbili akasema, "Kunguru alipita akisema."

"Twendeni mlimani!"

Wakapanda, wakapona wote. Kule juu Tumbili akawahesabu vifaranga, tisa, akaangua kilio. "Dada, ningewaua."

"Ungewaua," Kanga akasema. "Nakupenda vilevile, kaka. Lakini neno lako, kuanzia leo, nitakwenda kulitazama kwanza."

Siku hizi habari zinapita mbio, na hakuna anayeuliza nani kaona. Nayakumbuka ya kale, roho inaniuma. Basi shikeni hili: kuaminiwa hujengwa kidogo kidogo, na huvunjwa kwa neno moja. Asiyeona haya kusema "sijui", huyo msikilizeni siku ya moto.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Tamu yake chukueni, chungu yake mwachieni bibi yenu.