Mgongo wa Mfalme

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, ili walio barazani nje nao wapate pa kukaa na kusikia.

Wahenga wa Bara Hindi ya kale walikuwa na neno zito kuhusu utawala. Walisema kwamba fimbo ya haki ikilala, nchi hugeuka bwawa, na samaki mkubwa humla mdogo. Walisema pia kwamba mfalme ni mtumishi wa raia, na lile fungu moja kati ya sita ya mavuno analopokea ni ujira wake. Kisha wakaulizana, wala hawakukubaliana: je, fimbo imwangukie mkubwa kwa wepesi kwa sababu ya nasaba yake, au kwa uzito kwa sababu ya elimu yake? Juu ya mawazo hayo nimewatungia mfano. Msiutafute katika vitabu vya historia, hamtauona.

Katika nchi hiyo, chini ya milima, ilikuwapo dola moja ndogo, na ndani yake mzee mmoja aliyekuwa mtunza fimbo. Kazi yake haikuwa kumpiga mwizi wala mtoro. Kazi yake ilikuwa kumpiga mfalme.

Desturi yao ilikuwa hivi. Kila mwaka, mvua zikiisha, kabla baraza halijafunguliwa, mfalme alivua taji na mapambo yake, akajifunga nguo moja ya pamba isiyo na nakshi, akapiga magoti mbele ya raia. Mtunza fimbo alimpiga mgongoni mara tatu, kwa fimbo ya mtini iliyorithiwa tangu mfalme wa kwanza, huku akiuliza kwa sauti kuu, “Nani amekula kisicho chake chini ya kivuli chako?” Mfalme akishaonja maumivu, alijibu, “Nimesikia.” Neno hilo likitamkwa, mtu yeyote, hata mfagia njia, aliweza kusimama na kuishtaki nyumba ya mfalme. Lisipotamkwa, baraza lilisikiliza mashauri ya wadogo kwa wadogo tu, mpaka mwaka mwingine.

Mzee huyu aliipenda mno siku hiyo, lakini aliyoipenda hasa ni ile ya zamani. Puani mwake bado ilikaa harufu ya taa za samli na maua ya manjano yaliyolowa umande, ya enzi ambayo baba yake ndiye aliyeshika fimbo. Aliona kwa macho yake baba yule akimpiga babu wa mfalme wa sasa hata mstari ukasimama mgongoni, na babu yule, mtu wa miraba minne, akasema “Nimesikia” machozi yakimlengalenga. Hapo mchungaji mmoja wa safu ya mwisho akainuka, akamdai ndama wake aliyeswagwa na askari wa ikulu. Jua halijazama, mfalme mwenyewe alikuwa njiani akimrudisha. Ndama aligoma katikati ya soko. Mfalme akamsukuma kwa nyuma kama mtu yeyote anavyosukuma ndama, na soko zima likacheka, naye akacheka.

“Ah, siku zile!” mzee alikuwa akisema kila alipokaa na wenzake. “Wafalme walikuwa na migongo. Huyu wa leo ana ngozi ya kifaru. Miaka kumi na minane nampiga, hajasikia kitu.” Na wenzake walitikisa vichwa, wakazitamani nao siku zile.

Basi mwaka mmoja, baraza likiwa kesho, alasiri, akaja kwake bibi mmoja mfinyanzi, mjane, ambaye walicheza pamoja wakiwa wadogo.

“Umekuja kuniuzia chungu au kunisuta?” mzee akamtania.

“Chungu nitakifinyanga kwa nini, kaka? Kwa mate? Shimo letu la udongo limekwenda.”

Akamweleza. Shemeji ya mfalme alilizungushia ua lile shimo la kando ya mto, akaliingiza maji, apate bwawa la mayungiyungi la kuwatembeza wake zake jioni. Kaya kumi na saba zilikula kutokana na shimo hilo.

“Tulipomwendea akatuambia udongo ni udongo, tukachimbe kwingine. Kwingine ni mchanga, kaka. Chungu cha mchanga hupasuka hata hakijaona moto. Wanangu wawili wamekwisha kufunga mizigo yao. Gurudumu la kufinyangia la marehemu nimeliegemeza ukutani, halizunguki.”

“Lalamika barazani.”

“Nimshtaki shemeji ya mfalme? Na lile neno halijatamkwa miaka kumi na minane? Nimekuja kwako, kaka. Kesho, nakuomba, mpige asikie.”

Mzee akashusha pumzi. “Dada yangu, nampiga kwa nguvu zangu zote. Lakini siku hizi si siku zile. Angekuwa babu yake...”

“Babu yake amekufa, mwache apumzike. Nionyeshe hiyo fimbo.”

Fimbo ile haikushikwa na mtu asiye wa ukoo wa watunzaji. Hata hivyo mzee aliingia ndani, akaitoa, akaifungua vitambaa ilivyoviringishiwa, kimoja baada ya kingine. Bibi akaipokea. Ilikuwa nyembamba kama chelewa ya ufagio. Nanyi mnajua vidole vya mfinyanzi: hupima unene wa chungu bila macho. Akavipitisha taratibu kutoka juu hadi chini, kisha akavirudisha.

“Ilikuwa hivi tangu zamani?”

“Imezeeka. Vitu vya kale huisha, dada.”

“Mti ukizeeka hupasuka, au huliwa na mchwa. Huu una njia za kisu, moja juu ya nyingine. Kisu cha nani?”

Mzee akatazama chini, na moyoni ikamjia ile siku ya kwanza. Mfalme alikuwa kijana, ametoka tu kuugua homa, mgongo wake mifupa mitupu. Mzee alimwonea huruma, akaichonga fimbo kidogo. Baada ya sikukuu mfalme, asiyejua lolote, akamtumia shali ya sufu. Mwaka wa pili mzee aliikumbuka ile shali, akachonga tena. Akapewa kiti karibu na mawaziri. Tangu hapo, kila mwaka kabla ya sikukuu, alikaa na kisu chake akijiambia kwamba anailainisha tu, isije ikamchoma mfalme kibanzi.

“Mfalme alikuamuru?” bibi akauliza.

“Hapana.”

“Hata mara moja?”

“Hata mara moja.”

Bibi akamrudishia fimbo. “Basi, kaka, miaka yote hii unawalilia wafalme waliokuwa na migongo. Ungemlilia baba yako aliyekuwa na mkono.” Akaenda zake bila kuaga.

Asubuhi watu wakajaa. Mfalme akapiga magoti. Mzee akasimama nyuma yake, shali begani. Sheria haikuruhusu fimbo nyingine, na hii haikuweza tena kumuumiza hata inzi. Angeweza kuipunga mara tatu, kama mwaka jana na mwaka juzi, akaenda kula pilau yake. Nani angejua? Shemeji ya mfalme, safu ya mbele, akanong’ona akicheka, “Haya mzee, mkune mgongo tule!”

Mzee akaivua shali. Akazunguka mbele, akapiga magoti akiwa uso kwa uso na mfalme, akaiweka fimbo chini katikati yao.

“Maulana, swali la leo nalijibu mimi. Aliyekula kisicho chake chini ya kivuli chako ni mimi. Maumivu yalikuwa haki yako, nami nimekunyima miaka kumi na minane. Kisu ni changu. Hakunituma mtu.”

Mfalme akaiokota fimbo, akaipinda kwa vidole viwili. Ikapindika kama jani. Uso ukamshuka.

“Kumbe!” akasema polepole. “Kila mwaka nilipiga magoti hapa nikingoja. Nikasikia kama unyoya unanipita, nikajisemea: ashukuriwe Mola, nchi yangu haina mwenye kilio. Nikarudi kulala nimeridhika. Mzee wangu, ni wangapi waliolia?”

Ndipo mfalme akainamisha kichwa mbele ya watu wote, akasema, “Nimesikia.”

Shemeji akaacha kucheka. Bibi mfinyanzi akainuka, na hakuinuka peke yake. Wakainuka watu safu kwa safu, wengine wakisema kwa niaba ya baba zao waliokwisha kuzikwa. Siku ya tatu ua ulivunjwa, maji yakatolewa, na wale vijana wawili wakafungua mizigo yao. Lakini waliohama miaka ya nyuma hawakurudi. Haki ya miaka kumi na minane hailipwi yote kwa siku moja. Na yule mzee? Wazee wa baraza wakabishana lile swali la kale, fimbo iwe nyepesi kwa ajili ya mvi zake au nzito kwa ajili ya ujuzi wake. Yeye mwenyewe akawakata kauli: “Aliyejua na apigwe zaidi.” Wakamvua kazi ya ukoo wake.

Sasa, ndugu zangu, tuseme sisi. Ni nani humu asiyezitamani siku za zamani? Kila penye matanga na kila penye harusi tunasikia: zamani wakubwa walikuwa na haya, zamani mtoto wa jirani alionywa na mtaa mzima, zamani mnyonge alisikilizwa. Ni kweli, mimi mwenyewe niliziona, na moyo wangu bado unaishi huko. Lakini zilikwenda wapi? Ziliibwa na nani? Tunamlaumu kiongozi kwamba hasikii, na tunapomwendea tunamwendea na unyoya. Baba anajua mwanawe amemdhulumu yatima, anakohoa tu na kubadili mazungumzo. Jirani anajua mpaka wa shamba umesogezwa, ananyamaza kwa kuwa alichangiwa harusi na huyo aliyeusogeza. Na sisi wa mimbari hatumo? Tunapunguza makali ya hotuba kwa sababu aliyenunua mazulia haya amekaa safu ya kwanza! Tunaiita adabu. Tunaiita hekima. Tunasema tunalainisha tu.

Nawaambia, mkubwa anayeangamia huku akisifiwa amedhulumiwa na wanaomsifu. Neno la kweli ni haki yake pia, kama maji yalivyo haki ya mwenye kiu.

Sitawaombea leo zirudi siku za zamani. Nawaombea ujasiri wa leo alasiri. Kama yumo humu mtu uliyemficha neno la haki, iwe kwa kumpenda, iwe kwa kumwogopa, mtazame alipokaa. Tukimaliza, mfuate mlangoni, mshike mkono, umwambie kabla hajavaa viatu vyake.