Kimya Kabla ya Sumu ya Panya

Sogeeni, hadithi imefika; atakayesinzia asije akatoa hukumu.

Ofisi ya matangazo ya mji ilikuwa na watu watatu. Mwanaidi alijaliwa sauti: ndiye aliyetangaza misiba kwenye kipaza sauti, na kabla ya kumtaja marehemu alinyamaza kidogo, mji mzima ukaweka miiko chini na kuinua mikono kwa dua. Chande alijaliwa sikio. Wa tatu, aliyeitwa Sikudhani, alijaliwa hesabu.

Mwanaidi alipougua koo, halmashauri ikataka kompyuta itangaze kwa sauti yake. Akarekodi sentensi mpaka akaonja damu.

Chande akazikata rekodi vipande vipande, akiweka alama pale kila sauti ya herufi inapoanzia na inapoishia.

Mashine ikasema, ila ilizipa sauti zote muda sawa. Mwanaidi akashikwa na kinyaa. "Ndiyo mimi huyo? Mbona kama mtu anatapika kokoto?"

Sikudhani akaifundisha irabu ipi ivutwe, ipi ifupishwe, na kabla ya jina la marehemu, inyamaze. Watu wakasikia msiba, wakalia.

Wiki ileile gari la matangazo ya biashara likapita na sauti ileile: "Wapendwa, tunawatangazia..." Kimya. Miiko ikawekwa chini, mikono ikainuliwa. Likatajwa jina la sumu ya panya.

Mwanaidi alikwenda mbio ofisini. Aliwakuta Chande na Sikudhani, na Bwana Kilewo, afisa utaratibu wa halmashauri, akichokonoa meno kwa pini ya faili.

"Utaratibu unatambua mmiliki mmoja," akasema Kilewo, akiitazama ncha ya pini. "Huyo ndiye atakayeamua sauti itangaze nini."

"Koo ni langu," akasema Mwanaidi. "Itangaze misiba tu, la sivyo inyamaze."

"Koo lako lilitapika kokoto, dada, wewe mwenyewe ulisema," akasema Chande. "Bila sikio langu hata kokoto zisingetoka. Mimi nitawapa vipofu sauti hii, iwasomee magazeti."

Sikudhani akacheka puani. "Na bila mimi mngewapa vipofu kichefuchefu. Mimi nitaikodisha kwa wafanyabiashara; tangazo la sumu ndilo linalolipia umeme wa mashine, Bi Mwanaidi. Ukiikataa sumu, nani atawatangaza maiti wako?"



"Elewaneni kabla ya chai," akasema Kilewo, akafuta pini kwenye suruali na kuirudisha kwenye faili.

Basi wasikilizaji, chai inakaribia. Mwenye koo, mwenye sikio, mwenye hesabu: neno la mwisho mngempa nani?